Mchuchumio wa Vivier kwa Dior au wa Ferragamo: namna ya kuchagua viatu vya anasa vya miaka ya 1950

Anayetafuta jozi ya mchuchumio wa enzi kuu ya mitindo ya Paris, tangu Christian Dior alipoonyesha nguo zake za kwanza Februari 1947 hadi miaka ya mwanzo ya 1960, hukutana na majina mengi kwenye minada na kwa wauzaji wa nguo za zamani. Mawili ndiyo humpa kazi hasa: Roger Vivier, aliyeitengenezea nyumba ya Dior viatu jijini Paris, na Salvatore Ferragamo wa Florence. Watengenezaji viatu wengine wanne, Perugia, Rayne, Jourdan na Levine, tutawafikia, maana kuna mnunuzi ambaye jibu lake ni mmoja wao.

Msimamo wetu tunautoa mapema. Ukitaka kiatu cha kuvaa, tafuta Ferragamo. Ukitaka cha kutazama na kuhifadhi, tafuta Vivier. Na kabla hujaisoma lebo yoyote, chunguza kilichomo ndani ya kisigino na ndani ya soli, kwa sababu kiatu cha umri wa miaka sitini au sabini huanza kufa kwa ndani huku uso wake ukiwa bado unang'aa.

Mchongaji na mpima miguu

Vivier alizaliwa Paris mwaka 1907, akasomea uchongaji katika École des Beaux-Arts kabla ya kuingia kwenye viatu. Alifungua duka lake mwaka 1937 katika rue Royale. Miaka ya vita aliishi New York, akafanya kazi na kampuni ya Delman, na kwa muda akatengeneza hata kofia. Mwaka 1953 alianza na Dior, kwanza kwa wateja wa kupimwa mmoja mmoja, kisha kuanzia 1955 kwa viatu vilivyo tayari vya kuuzwa dukani. Mwaka huohuo wa 1953 alibuni viatu vya ngozi ya dhahabu vyenye vito vyekundu kwenye kisigino, ambavyo Malkia Elizabeth II alivaa siku ya kutawazwa kwake, tarehe 2 Juni. Aliachana na Dior mwaka 1963 akafungua nyumba yake mwenyewe katika rue François 1er.

Uchongaji ule unaonekana katika kila jozi. Shika kiatu chake kwa ubavu: mstari unaoanzia ncha ya kidole, ukapanda upinde wa mguu na kushuka kwenye kisigino, ni mstari mmoja usiokatika. Mapambo yamewekwa ili jicho lifuate mstari huo. Kitambaa mara nyingi kilichaguliwa kiendane na gauni fulani, na darizi ya shanga, nyuzi za metali na vimetameta ilifanywa na mafundi walewale waliopamba magauni. Karakana ya Rébé ndiyo inayotajwa zaidi. Kiatu namna hiyo ni sehemu ya vazi zima. Kimezaliwa kutembea juu ya zulia kutoka kwenye gari hadi kwenye kiti, na hata kikiwa kizima hakipendi safari ndefu kuliko hiyo.

Ferragamo, aliyezaliwa Bonito kusini mwa Italia mwaka 1898, alifika kwenye umaridadi kupitia maumivu ya wateja. Akiwa Marekani, akiwatengenezea viatu waigizaji wa Hollywood, alisomea anatomia ili ajue kwa nini kiatu kizuri kinaumiza. Jibu alilolipata ni kwamba mtu akisimama wima, uzito wake unaangukia kwenye upinde wa mguu, na viatu vingi vya wakati ule viliuacha upinde huo ukining'inia bila kitu cha kuushika. Akaweka chuma chini ya upinde, mguu ukapata pa kuegemea na vidole vikaacha kusukumwa mbele. Alirudi Italia mwaka 1927, akafilisika mwaka 1933, akasimama tena, na mwaka 1938 akainunua Palazzo Spini Feroni iliyoko kando ya mto Arno, ambamo leo mna jumba lake la makumbusho. Alifariki mwaka 1960. Kwa hiyo kipimo cha kwanza cha tarehe ni rahisi: kiatu cha Ferragamo cha 1965 kinaweza kuwa kizuri sana, ila mkono wake mwenyewe haukukigusa.

Kisigino: hapa ndipo pesa yako inaposimama au kuanguka

Hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 kisigino kirefu kilikuwa cha mbao, kikafunikwa kwa ngozi au satini. Mbao ina nyuzi, na nyuzi hupasuka kwa urefu. Kikiwa na shingo nene kinadumu. Kikichongwa chembamba kama kalamu kinavunjika, kwa kawaida pale shingo inapokutana na kitako cha juu, kwa sababu mguu unapotua chini nguvu huja kwa mshazari ukitoka nyuma. Ndiyo maana ule mchuchumio mwembamba kabisa, ambao Vivier aliuita aiguille, yaani sindano, na kuutoa mwaka 1954, ulihitaji chuma. Ndani ya kisigino hupita mwamba wa chuma, na baadaye mbao zilipoachwa, plastiki ngumu ilimiminwa kuuzunguka mwamba huo. Nani alikuwa wa kwanza ni ubishi usioisha: Perugia na Ferragamo nao wana wanaowatetea, na sisi tunaona ni ufumbuzi uliowajia mafundi kadhaa ndani ya miaka michache, kila mmoja na karakana yake.

Kwa mnunuzi, muhimu ni kujua uko upande gani wa mabadiliko hayo. Chukua sumaku ndogo, ya kushikia karatasi kwenye friji inatosha, ipitishe polepole nyuma ya kisigino kutoka juu hadi chini. Ikivutwa njia nzima, kuna chuma. Ikivutwa juu tu, hiyo ni misumari inayoshikilia kisigino kwenye soli, na katikati ni mbao tupu. Isipovutwa kabisa usikate tamaa, huenda ndani mna aluminiamu, ambayo sumaku haiioni. Hapo gonga kwa kucha: mbao hutoa sauti butu na kavu, plastiki hutoa sauti kali kidogo.

Vivier hakukaa na sindano. Mwaka 1959 alitoa kisigino kilichoitwa choc, kinachoingia ndani kama kiuno cha nyigu kisha kikatoka tena kuelekea chini. Kinaonekana chepesi kuliko kilivyo, na kwa anayetaka kuvaa kiatu cha Vivier hiki ndicho tungemshauri, kwa kuwa kitako chake cha chini ni kipana kuliko cha sindano na hakizami kwenye nyasi wala kunasa kwenye nyufa za sakafu. Ubaya wake upo kwenye kile kiuno. Ukiona mkunjo wa ngozi au mstari mwembamba unaozunguka sehemu iliyobonyea, huo si mkunjo wa uzee, ni ufa unaojitokeza juu ya ngozi. Mwaka 1963 kikaja kisigino cha mkato, kilichopinda ndani kama alama ya mkato kwenye sentensi. Hicho acha kabatini. Umbo lake linapeleka nguvu yote kwenye mpindo, na kikilegea hakuna fundi wa mtaani mwenye kisigino cha kukibadilishia.

Ferragamo alikuwa na njia zaidi za kumwinua mtu. Wakati Italia ilipobanwa kwa vikwazo katikati ya miaka ya 1930 na chuma kizuri cha shanki, kile kibamba kinachoushika upinde wa mguu, kikaadimika, aligeukia gamba la mkoki, ile malighafi ya vizibo vya chupa, akajaza nafasi yote kati ya kisigino na vidole. Hapo ndipo ulipozaliwa mchuchumio wa kitalu, ambao wengi wanauita weji. Hauna shingo ya kuvunjika na hauna shanki ya kukatika. Kwa anayetaka kimo bila hofu, weji wa mkoki wa miaka ya 1930 na 1940 ndio kiatu kirefu cha anasa kilicho salama kuliko vyote vya zama zile, mradi mkoki haujakauka. Ubonyeze kwa dole gumba pembeni, mahali ngozi ilipoachia kidogo: ukirudi, uko hai, ukimomonyoka kama mkate wa juzi, umekwisha.

Katika miaka ya 1950 alitengeneza pia kisigino cha kizimba, kilichosukwa kwa shaba ya manjano na kuachwa wazi katikati, pamoja na visigino virefu vya mbao na vya chuma vilivyoenda na mtindo. Viatu alivyomtengenezea Marilyn Monroe vilifika sentimita 11. Kimo hicho kisikutishe wala kisikudanganye. Linganisha mteremko, si kimo peke yake: mtu wa namba 40 akivaa sentimita 9 anasimama kwenye mteremko mpole kuliko wa namba 36 aliyevaa sentimita hizohizo, kwa kuwa upinde wake ni mrefu. Wauzaji huandika kimo, mara chache huandika urefu wa soli. Uliza vyote viwili.

Kuhusu kitako cha chini, fanya hesabu hii. Mwanamke wa kilo 55, katika ule mpigo mfupi anapotua kwa kisigino kimoja, huenda uzito wake wote ukakaa juu ya eneo la sentimita moja ya mraba. Tembo hafiki hapo, kwa sababu uzito wake umegawanyika kwenye nyayo nne pana. Ndiyo maana sakafu za mbao zilitobolewatobolewa mwishoni mwa miaka ya 1950, na ndiyo maana ncha ya kisigino huisha upesi kuliko sehemu nyingine yoyote. Ikiisha na mtu akaendelea kutembea, kinachosagika sasa ni kisigino chenyewe pamoja na ngozi yake, na hilo halirudi.

Namba, upana na mguu wako

Wengi hukosea hapa kuliko popote pengine. Ufaransa ilipima kwa pointi ya Paris, ambayo ni milimita 6.67 kwa kila namba. Uingereza na Marekani zilipima kwa theluthi ya inchi, karibu milimita 8.5. Kisha kuna upana. Marekani ilitumia herufi, kutoka AAAA iliyo nyembamba sana hadi B ambayo ni ya kawaida kwa wanawake na kuendelea, na kila herufi inaongeza au kupunguza takriban milimita 6 kwenye mzunguko wa mguu pale unapopanuka nyuma ya vidole. Kutoka B hadi AAA ni hatua tatu, karibu sentimita 2 za mzunguko. Hakuna fundi atakayekunyooshea sentimita 2 kwenye satini.

Ferragamo, kwa kuwa wateja wake wengi walikuwa Wamarekani, alitengeneza kwa upana wa aina nyingi na mara nyingi utaukuta umeandikwa kwa wino ndani, kando ya namba. Hiyo ni sababu kubwa ya kumchagua: unaweza kutafuta mguu wako. Viatu vya Vivier vilivyopimwa kwa mteja mmoja vilijengwa juu ya lasti, kile kibao chenye umbo la mguu, iliyochongwa kwa ajili ya mwanamke yule tu. Namba ikiwepo haikuambii kitu, na kama mwenyewe alikuwa na mgongo wa mguu ulioinuka, kiatu kitakukaa wazi kwenye upinde hata urefu ukilingana.

Mguu uliokulia kwenye makubazi na ndala hupanuka mbele, vidole vikajitandaza inavyopasa. Kwa msomaji wa pwani au wa bara aliye na mguu huo, kiatu chenye ncha kali cha 1957 cha upana wa AA ni mateso ya hakika, hata namba ikilingana. Pima hivi: jioni, mguu ukiwa umejaa, simama juu ya karatasi, mtu akuchoree mzunguko kalamu ikiwa wima. Zungusha utepe wa kushonea kwenye sehemu pana ya mguu, andika. Kisha mwombe muuzaji vipimo vitatu: urefu wa soli ya ndani utepe ukifuata mteremko, upana wa soli ya nje mahali palipo papana zaidi, na mzunguko wa kiatu kwa nje mahali hapohapo. Ongeza milimita 12 hadi 15 mbele ya vidole kwa kiatu chenye ncha, maana ncha ile si nafasi ya vidole, ni pambo tupu. Asiyetaka kukupimia, achana naye.

Ncha zenyewe zinatofautiana. Za Vivier za katikati ya miaka ya 1950 ni kali, na mwishoni mwa muongo akaanza kuzikata mbele kama patasi, zikawa na ukingo mfupi ulionyooka. Ile ya patasi huwapa vidole nafasi kidogo zaidi. Ferragamo alibaki na ncha za duara na sandali zilizo wazi kwa muda mrefu, na sandali ya mikanda husamehe upana kuliko kiatu kilichofungwa.

Kitambaa, ngozi na nailoni vinavyozeeka

Satini ya hariri, ambayo Vivier aliipenda, hukatika kwenye mikunjo. Angalia mahali mguu unapojikunja nyuma ya vidole: ukiona nyuzi za upande mmoja zimekatika na za upande mwingine zimebaki kama nywele zilizochanwa, hariri imekufa, na gundi haitaifufua. Uzito wa shanga huivuta zaidi. Nyuzi za metali hufanya weusi, na kuzisugua ni kuziharibu, kwa sababu ile dhahabu au fedha ni utando mwembamba uliozungushwa juu ya uzi. Lesi na wavu uliowekwa juu ya satini huwa na faida moja: huficha michaniko midogo. Muuzaji mwaminifu atakupigia picha ya ndani pia.

Ngozi ya mwanambuzi, laini na nyembamba, ndiyo Ferragamo aliyoitegemea, na katika hali nzuri hudumu kuliko hariri. Ikikauka hupata vijistari kama udongo wa bwawa lililokauka. Mafuta kidogo sana ya ngozi, yakijaribiwa kwanza sehemu isiyoonekana, husaidia ngozi iliyokauka lakini bado inajikunja. Ile iliyokwisha kupasuka hayaisaidii.

Sandali yake isiyoonekana ya 1947, iliyompatia tuzo ya Neiman Marcus mwaka uleule Dior naye alipoipata, ni nyuzi za nailoni zinazopita juu ya mguu, zile za wavuvi wa samaki, na weji uliochongwa kwa umbo la herufi F. Ni mojawapo ya maumbo mazuri kabisa yaliyowahi kutengenezwa kwa ajili ya mguu. Wateja wa wakati ule waliona inaweka mguu wazi kupita kiasi, haikuuzika sana, kwa hiyo jozi za asili ni chache. Nailoni ya zamani huwa ya manjano na kukauka; mvutano wa kawaida wa kutembea unaweza kuikata. Ukiiona kwa bei ya kawaida, fikiria kwanza kwamba ni nakala.

Onyo moja kuhusu plastiki angavu. Viatu vya vinili ya kioo vilipendwa tangu miaka ya 1950 na Vivier aliendelea navyo baadaye. Vinili hutoa jasho lake: kilainishi kilichomo ndani hutoka taratibu, uso unanata, vumbi linashika, kisha kitu chenyewe kinasinyaa na kuvuta misumari. Hilo halizuiliki, linacheleweshwa tu kwa ubaridi. Sisi hatununui vinili.

Wanaosimama kati ya hao wawili

André Perugia, aliyeanzia Nice na kufungua duka Paris mwaka 1921, alifanya kazi na wabunifu wa mitindo Poiret na Schiaparelli, na Wamarekani walimjua kupitia kampuni ya viatu ya I. Miller na lebo ya Padova. Kiufundi hakuna aliyemshinda. Visigino vyake vya majaribio, kikiwemo kilichosokotwa kama kifungulio cha mvinyo, ni vya makumbusho, lakini viatu vyake vya kawaida vya I. Miller ni ununuzi wa busara: vimejengwa vizuri na jina lake halijapandisha bei kama la Vivier.

H. & M. Rayne wa London ndio tungempa anayeanza. Edward Rayne alishika usukani mwaka 1951, na kampuni ilikwisha kuwavisha watu wa kasri: sandali za satini alizofungia ndoa Princess Elizabeth mwaka 1947 zilitoka kwao. Walitengeneza pia miundo ya Delman na Vivier kwa leseni. Maana yake ni kwamba unaweza kupata mstari wa Vivier ukiwa umeshonwa kwa ajili ya mwanamke wa kutembea kwenye mvua ya London, soli ngumu zaidi na namba zinazoeleweka.

Charles Jourdan wa Romans-sur-Isère alifungua duka Paris mwaka 1957, na tangu 1959 kampuni yake ikawa inatengeneza viatu kwa jina la Dior. Ni vya kiwandani, vizuri, na vinapatikana. Usilipe bei ya Vivier kwa kuwa tu neno Dior limo ndani.

Kwa ndara za kisigino, zile zisizo na mkanda nyuma, mtazame Beth Levine wa New York. Ndara ndefu hupiga kelele na kukimbia mguu. Ndani ya zake kuna utepe wa kunyumbuka uliotandazwa chini ya upinde, unaousukuma mguu juu ubanane na kiatu. Uvumbuzi si wake, ila yeye ndiye aliyeueneza. Utepe huo hufa kwa umri, na fundi mzuri anaweza kuweka mwingine bila kugusa sehemu ya juu.

Lebo, na zinavyopotosha

Kwa Vivier, mfuatano ni huu: jina la Delman likiwa pamoja na la Christian Dior linaonyesha miaka ya 1953 hadi 1955. Kuanzia 1955 huandikwa Christian Dior kwa herufi kubwa, na chini yake kwamba viatu vimebuniwa na Roger Vivier. Jina la Vivier peke yake ni la 1963 na kuendelea, au la marudio ya karne hii, kwa kuwa nyumba hiyo imefufuliwa na inauza viatu vipya. Neno Dior pekee, bila Vivier, kwenye kiatu cha miaka ya 1960, mara nyingi ni Jourdan.

Kwa Ferragamo, lebo yenye maneno Ferragamo's Creations Florence Italy ilichorwa na mchoraji Lucio Venna na ilitumika muda mrefu. Tatizo ni kwamba kampuni imetoa pia nakala rasmi za miundo ya zamani kwa jina hilohilo. Ni viatu bora, lakini si vya 1938 wala 1947. Tazama chini: soli mpya kabisa, yenye rangi sawasawa, gundi safi ukingoni, hiyo ni nakala. Jua pia kwamba kabla ya kufa kwake alianzisha mistari miwili ya mashine, Ferrina iliyotengenezwa Uingereza na Debs ya Marekani. Si bandia. Ila mkono wa Florence haumo, na bei ifuate hilo.

Mkono juu ya kiatu, kabla ya kulipa

Weka jozi juu ya meza iliyonyooka. Visigino vyote viwili vikae chini bila mwanga kupita, na ncha za mbele ziinuke kwa kimo kimoja. Kimoja kikiinuka zaidi, ama kisigino kimekatwa au shanki imekatika. Shanki ni kile kibamba cha chuma kilichofichwa kati ya soli ya ndani na ya nje chini ya upinde. Bonyeza kiunoni mwa soli kwa vidole viwili: kiatu kizima hakibonyei, kilichokatika hushuka na kurudi, mara nyingi kwa mlio mdogo. Doa la kahawia kwenye soli ya ndani, katikati ya mguu, ni kutu inayopanda kutoka huko.

Shika kisigino, kitikise kuelekea pembeni. Kikicheza, misumari imelegea. Hili linatibika: fundi afunue ile ngozi nyembamba ya ndani, aondoe misumari ya zamani, aweke skrubu moja katikati na misumari minne au mitano yenye mikato kuizunguka, yote ikipigwa kutoka ndani. Akianza kupigilia kutoka nje au kuchuruzisha gundi kwenye ufa, mzuie. Gundi inaficha mchezo kwa wiki mbili kisha mbao inang'oka nzima. Shanki iliyokatika kwenye kiatu cha ngozi inabadilishika kwa kufunua soli. Kwenye satini yenye darizi usithubutu, kwa sababu ukingo wa kitambaa umevutwa na kukunjwa chini ya soli ileile, na ukiufunua hautavutika tena ukafika pale ulipokuwa.

Ncha mpya ya kisigino iwe na kijiti chenye unene sawa na tundu lililopo, mara nyingi karibu milimita 3. Kijiti kinene kikilazimishwa kinapasua plastiki, na kinachocheza kinadondoka barabarani. Kufupisha kisigino kusizidi nusu sentimita, kwa kuwa lasti ilichongwa kwa kimo kimoja. Ukikata zaidi, ncha ya mbele inapanda hewani, uzito unarudi nyuma na kisigino kinaanza kusukumwa kiegemee mbele.

Kwa anayeishi Mombasa, Tanga, Zanzibar au Dar es Salaam, adui ni hewa. Unyevu unaofaa ni kati ya asilimia 45 na 55, na pwani hupita hapo karibu mwaka mzima. Gundi ya zamani inalainika, shanki inapata kutu, ukungu unapanda kwenye bitana. Usifungie kiatu kwenye mfuko wa nailoni, kwa sababu unyevu hubaki ndani pamoja nacho. Kiweke kwenye sanduku la karatasi isiyo na asidi, ukijaze ndani kwa karatasi laini ya aina hiyohiyo bila kukikaza, weka vifuko vya kunyonya unyevu pembeni visiguse ngozi, na uvibadilishe au uvikaushe kila mwezi wakati wa masika. Sanduku likae juu ya kabati la ndani ya chumba, mbali na ukuta wa nje na mbali na sakafu. Kila baada ya miezi mitatu toa jozi, ipate hewa kivulini kwa saa moja, ipitishie sumaku na kidole kama siku ya kwanza.

Siku ya kuvaa, kiache chumbani masaa machache kabla ili gundi na ngozi zizoee joto, kisha tembea kwanza ndani ya nyumba juu ya zulia kwa dakika kumi. Kisigino kinachotaka kuachia huanza kutoa mlio ndani ya hizo dakika kumi.